Mwendo wa Lami Usipelekwe Vijijini

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, shule zikiisha kufungwa na maofisi yakianza kupungukiwa na watu, barabara kuu zitokazo Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza hujaa magari ya watumishi wa umma na walimu waendao likizo. Wengine huenda kuwaona wazazi, wengine hupeleka watoto wakawajue babu na bibi zao, na wengine huenda kusimamia shamba au kumalizia nyumba iliyoanza kujengwa miaka mingi iliyopita. Ni desturi njema, na hapana sababu ya kuilaumu. Mtumishi apitishaye miaka bila ya kukanyaga kijijini kwao huanza kumsahau mtu yule yule anayelipwa mshahara kwa ajili ya kumtumikia.

Kuhusu usalama wa safari hizi mengi husemwa kila mwaka. Lakini karibu yote yasemwayo ni ya barabara za lami: mabasi yanayoshindana, malori yaliyoharibika bila ya alama, madereva wanaopita wenzao kwenye kona. Hata askari wa usalama barabarani, kwa sababu zinazoeleweka, husimama kwenye lami. Kisemwacho kwa nadra ni kile kipande cha mwisho cha safari, pale lami inapokoma na gari likaingia kwenye udongo na changarawe. Kwa mtu aendaye katika kijiji cha Liwale, Ludewa, Chunya au Kakonko, kipande hicho chaweza kuwa cha kilometa 20, cha 60, au hata kikazidi 100. Ndicho kipande asichokizoea, na hukifikia akiwa amechoka, jua likielekea kuchwa, moyo wake ukiwa umekwisha kufika nyumbani kabla ya mwili.

Barabara za namna hiyo si jambo la pembeni hapa nchini. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, unahudumia mtandao wa zaidi ya kilometa laki moja, na sehemu iliyo kubwa kabisa ya mtandao huo ni ya udongo na changarawe. Humo ndimo yanamopita mazao, wagonjwa, vitabu vya shule na dawa za zahanati. Mwenye kwenda likizo hupita humo kwa siku mbili katika mwaka, ya kwenda na ya kurudi, ilhali wenyeji wamo humo siku zote. Tofauti hiyo ndiyo asili ya matatizo mengi yatakayoelezwa hapa, kwa maana mgeni huingia katika barabara ya vumbi na kanuni alizozizoea mjini, wala hakuna mtu wa kumwambia kwamba kanuni hizo zimekoma mahali pale ilipokoma lami.

Jambo la kwanza linalokoma ni mshiko wa gurudumu. Juu ya lami kavu tairi hushika kitu kisichohama. Juu ya changarawe tairi hukanyaga mawe madogo ambayo nayo yanaviringika, na gari huwa mfano wa mtu atembeaye juu ya punje za mahindi zilizomwagwa sakafuni: akienda taratibu haanguki, akikimbia au akigeuka kwa ghafula huenda chini. Ndiyo sababu umbali wa kusimama kwenye changarawe legelege waweza kukaribia mara mbili ya ule wa lami kavu kwa mwendo ule ule. Tena kabla ya breki kukanyagwa kuna ile sekunde moja ambayo dereva, hata awe macho namna gani, huitumia kuona na kuamua. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 katika sekunde hiyo. Liendalo kilometa 50 hukata mita 14. Na umbali wa breki zenyewe haukui sawasawa na mwendo: mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali huo huwa mara nne. Walimu wa hisabati hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Magari mengi ya siku hizi yana breki za kisasa zinazoachia na kukamata zenyewe ili magurudumu yasikwame. Kifaa hicho ni kizuri, kwani humwezesha dereva kuendelea kugeuza usukani huku amekanyaga breki. Lakini wenye magari hayo wengi hawajui kwamba juu ya changarawe legelege kifaa hicho huweza kulifanya gari lisimame mbali zaidi kuliko lile la zamani ambalo magurudumu yake yalikwama na kujichimbia mbele yake tuta la kokoto. Anayedhani gari jipya limemwondolea wajibu wa kupunguza mwendo amedanganyika.

Kuna imani moja iliyoenea sana, na yafaa ijibiwe kwa kirefu kwa sababu huzungumzwa na madereva wazoefu, na vijana huipokea kama elimu. Barabara ya vumbi iliyotumika sana hufanya vituta vidogo vidogo vilivyopangana kukingama njia, mfano wa bati la kuezekea. Gari likipita juu yake kwa mwendo wa kilometa 30 hutetemeka hadi vyombo vya ndani vikataka kung'oka. Hapo dereva huambiwa aongeze mwendo, kwamba afikapo kilometa 70 au 80 mtetemeko utakwisha. Na ni kweli, hupungua. Lakini haufundishwi ukweli wa pili, nao ni sababu ya mtetemeko huo kupungua. Kwa mwendo huo magurudumu hayashuki tena katika mabonde ya vituta. Huruka kutoka kilele hadi kilele. Kwa maneno mengine, kwa sehemu kubwa ya wakati matairi hayagusi ardhi sawasawa. Dereva anayejisifu kwamba gari lake limetulia anaendesha chombo kilicho nusu angani, ambacho usukani wake na breki zake vimebaki kuwa mapambo mpaka pale litakapotokea jambo la kuvihitaji. Kwenye njia iliyonyooka, isiyo na mtu wala mnyama, huenda lisitokee. Kwenye kona, nyuma ya gari huanza kwenda njia yake yenyewe.

Liko na jambo jingine ambalo dereva huyo halijui. Mwaka 2007 wataalamu watatu wa fizikia, Taberlet, Morris na McElwaine, walichapisha matokeo ya majaribio ya gurudumu lililozungushwa juu ya mchanga ili kuona vituta hivyo huzaliwaje. Walikuta kwamba gurudumu likienda polepole mchanga hubaki tambarare. Likizidi mwendo fulani vituta hujitokeza vyenyewe, hata kama gurudumu halina springi na hata kama mchanga ulisawazishwa vizuri mwanzoni. Katika majaribio hayo mwendo wenyewe wa mpaka ulikuwa mdogo mno, mdogo kuliko mtu yeyote mwenye gari angekubali kwenda nao, kwa hiyo hakuna atakayedai kwamba barabara zinaweza kuachwa bila ya vituta kabisa. Hata hivyo funzo lake liko wazi. Vituta ni kazi ya magurudumu yaendayo kasi. Yule anayekimbia ili asivisikie huvizidisha, kisha huondoka mwezi Januari na kumwachia mama mjamzito anayepelekwa zahanati juu ya pikipiki.

Hebu ipigwe hesabu ya faida inayotafutwa. Chukua kipande cha kilometa 60 cha barabara ya vumbi. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa hukatwa kwa dakika 45. Kwa mwendo wa kilometa 50 hukatwa kwa dakika 72. Tofauti ni dakika 27. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28. Katika siku 28 hizo, mtu huhatarisha maisha yake, ya mkewe, ya wanawe na ya watu asiowajua kwa ajili ya dakika 27, ambazo akifika atazimaliza akingojea maji ya kuoga yachemke.

Lakini hatari ya mwenye gari na jamaa yake, kubwa kama ilivyo, siyo iliyo nzito kuliko zote. Wao wamo ndani ya bodi ya chuma, wana mikanda, na ndio walioamua mwendo. Nje ya gari wako watu ambao hawakuamua lolote. Barabara ya kijijini si barabara tu. Ni uwanja wa kuchezea, ni njia ya kisimani, ni mapitio ya ng'ombe, ni mahali pa kusimama na kuamkiana. Pembeni mwake huanikwa mihogo, mtama na dagaa. Baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa hufuata ule ule mfereji mwembamba uliosawazishwa na magurudumu, na mwendeshaji wake hawezi kutoka humo upesi, kwa kuwa akigusa mchanga wa pembeni mzigo humwangusha. Dereva wa mjini hupiga honi kwa ukali, akidhani mwenye baiskeli ni mkaidi. Siyo ukaidi, mtu huyo hana pa kwenda.

Watoto nao wana tabia yao. Gari ni tukio, hasa gari la mtu wa kwao aliyetoka mjini, na wakilisikia hukimbia kuja kulitazama badala ya kulikimbia. Mmoja akivuka, mwenziwe humfuata bila ya kutazama, sawasawa na mbuzi. Anayeona mtoto mmoja ng'ambo ya barabara na wengine wamebaki upande huu anapaswa kuhesabu kwamba wote watavuka. Vivyo hivyo ndama na mama yake. Dereva aliyekulia kijijini alikuwa akiyajua haya yote alipokuwa na miaka minane. Ajabu ni jinsi miaka michache ya lami inavyoweza kumsahaulisha.

Na vumbi. Mwenye gari hufunga vioo akawasha kipoza hewa, akaliacha vumbi nyuma pamoja na mawazo yake. Likishatulia limeingia katika chakula kilichoanikwa, katika ndoo za maji zilizo kichwani, katika macho ya mkokota baiskeli, na mara nyingi katika darasa, kwa sababu shule nyingi zimejengwa kando ya barabara. Kwa dakika nzima baada ya gari kupita, mtu aliye ndani ya wingu hilo haoni kitu wala haonekani. Gari la pili likifuata kwa kasi, hapo ndipo yanapotokea maafa ambayo baadaye huitwa bahati mbaya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilieleza kwamba katika vifo milioni 1.19 vya barabarani vilivyokadiriwa kutokea duniani mwaka 2021, zaidi ya nusu vilikuwa vya waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Ilieleza pia kwamba ajali za barabarani ndizo ziongozazo kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Tarakimu hizo ni za dunia nzima, lakini picha yake haimwii vigumu kuitambua mtu yeyote aliyewahi kusafiri katika wilaya za mbali hapa nchini.

Inafaa hapa kulinganisha mambo mawili. Watumishi wengi siku hizi hupitisha sehemu ya likizo yao katika hifadhi za taifa, na ni jambo la kupongezwa. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ambako barabara ni za changarawe, kikomo cha mwendo ni kilometa 50 kwa saa, na wageni hukiheshimu. Katika barabara kuu ya lami ipitayo kati ya Hifadhi ya Mikumi kumewekwa matuta na mabango yanayomtangazia dereva faini atakayotozwa kwa kila mnyama atakayemgonga, twiga kwa bei yake na tembo kwa bei yake. Mtu huyo huyo aliyekwenda kilometa 50 kwa ajili ya swala, akiisha kutoka hifadhini na kuingia katika barabara ya vijiji, hukanyaga mafuta akafika 80. Hakuna anayesema swala asihifadhiwe. Lakini haieleweki kwa nini mtoto wa darasa la pili, aliyetumwa chumvi, apate hifadhi iliyo pungufu kuliko ya swala.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba sheria ipo. Ni kweli ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na dereva yeyote wa lami anavijua vibao vyake, kwa kuwa amekwisha kulipa faini kwa kuvipuuza. Tatizo ni kwamba katika barabara nyingi za vumbi hakuna kibao, hakuna tuta, hakuna askari. Kijiji huanza bila ya tangazo: migomba, kisha nyumba tatu, kisha dukani. Pasipo kibao, dereva huona kwamba hakuna sheria, kana kwamba kibao ndicho kinachomfanya mtoto awe mtoto. Halmashauri za wilaya pamoja na TARURA zingeweza kufanya jambo hapa kwa gharama ndogo. Nguzo mbili za mti na ubao uliopakwa rangi, upande huu na upande ule wa kila shule iliyo kando ya barabara ya vumbi, si mradi wa kungojea mfadhili. Serikali za vijiji nyingi zimejenga madarasa kwa nguvu zao wenyewe. Hazitashindwa na nguzo, mradi tu zipewe kibali na kielelezo cha alama zinazotambulika kisheria. Mpaka hapo itakapofanyika hivyo, mtumishi wa umma hana udhuru. Yeye ndiye aliyesoma sheria. Kilometa 50 kwenye changarawe iliyo wazi na 30 penye nyumba ni mwendo ambao mtu mwenye akili timamu angejiwekea bila ya kuamrishwa.

Yanayobaki kuhusu uendeshaji wenyewe yaweza kusemwa kwa ufupi. Magari yanapokutana, kila moja lipunguze mwendo na kukaa kushoto kwake, kwani kasi ndiyo inayorusha kokoto na kupasua vioo. Katikati ya barabara ya vumbi ndiko kulikosawazika, na kila mtu hupenda kupita hapo. Hilo halina ubaya panapoonekana mbali, ila kilele cha mlima na kona visivyoonyesha ng'ambo vinataka gari lirudi kushoto kabla ya kufika, siyo baada. Kumpita mwenzako ndani ya vumbi lake ni kucheza kamari, na mara nyingi dakika mbili tatu za kubaki nyuma zinatosha upepo ulisogeze vumbi au yule wa mbele aone taa na kupisha. Taa ziwashwe hata mchana, kwa maana gari la rangi ya vumbi ndani ya vumbi halionekani. Gari likianza kuteleza, mkono mwepesi na mguu kuachia mafuta huokoa zaidi kuliko kukanyaga breki na kukata usukani. Magari mengi yanayopinduka kwenye vumbi hupinduka kwa sababu dereva alikwepa shimo au kuku ambaye angepaswa kumkabili kwa mwendo mdogo tangu mwanzo.

Mvua inahitaji maneno zaidi, kwa sababu likizo za Desemba huangukia humo. Katika mikoa ya kaskazini na pwani vuli huwa bado haijaisha, na katika mikoa ya kati, magharibi na kusini ndiyo kwanza msimu mrefu unaanza. Njia iliyokuwa kavu mwezi Oktoba, ambayo ndugu kwa simu anaapa kwamba ni nzuri, huenda imebadilika mnamo wiki moja. Udongo mweusi wa mbugani, ukiisha kulowa, hulibandika gari hadi magurudumu yakazunguka mahali pamoja, na hapo hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hushindwa. Makorongo nayo huwa makavu asubuhi na jioni yakawa mito, pengine bila ya tone moja la mvua kunyesha mahali pale, maana maji yametoka milimani. Maji ya kina cha sentimeta 30 yendayo kasi yanatosha kulielea gari dogo, na ya sentimeta 60 hubeba karibu kila gari ambalo mtumishi angemiliki. Maji hayo hayaonyeshi kama chini yake kalavati bado lipo au limekwisha kuondoka. Makorongo mengi hupungua baada ya saa chache, na kwa kawaida pamoja na msafiri huwapo wenyeji wanaongoja vile vile, wakikaa chini ya mti bila ya wasiwasi. Wao ndio wataalamu wa mto ule. Wakisema pasivukwe, pasivukwe; na kijana ajitokezaye kuonyesha njia kwa malipo asichukuliwe kuwa ushahidi wa kwamba njia ipo.

Gari lenyewe ni lazima likaguliwe kwa kuzingatia kipande cha mwisho, siyo kile cha kwanza. Magari madogo yaliyotumika yatokayo Japani, ambayo kwa wingi ndiyo yanayomilikiwa na walimu na watumishi wa kada za kati, yalitengenezwa kwa ajili ya barabara laini na matumbo yake yako karibu na ardhi. Yanaweza kufika karibu kila mahali wakati wa kiangazi, kwa sharti yaende taratibu na yasibebeshwe kupita kiasi. Hapo ndipo penye shida, kwani mtu hawezi kwenda kwao mikono mitupu. Juu ya keria hufungwa godoro, mchele, sukari, mabati na pengine mlango wa chuma wa ile nyumba. Ndani, watoto wanne hukaa mahali pa watatu. Mzigo wa juu hulifanya gari lipinduke upesi, na mtoto aliyepakatwa hawezi kushikiliwa na mikono ya mtu yeyote gari likigonga kitu. Mchele unauzwa hata wilayani. Kuhusu matairi, vipara ni hatari mara mbili kwenye changarawe, na tairi la akiba lisilo na upepo ni pambo. Wako wanaopunguza upepo kidogo wanapoingia katika mwendo mrefu wa changarawe. Ni sawa, ila lazima urudishwe kabla ya kuingia tena kwenye lami, maana tairi legevu likikimbizwa hupata joto na kupasuka. Maji ya kunywa, jeki, spana na tochi visisahauliwe chini ya mizigo yote.

Usiku usafiri ukome. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na huenda baadhi ya watu wameichukua ruhusa hiyo kuwa ushahidi kwamba giza limekuwa salama. Ruhusa ile ilihusu mabasi ya abiria yaliyo chini ya usimamizi, yanayopita katika barabara kuu. Haikumhusu mwalimu aliyeendesha tangu alfajiri, anayeingia kwenye vumbi saa mbili ya usiku akitafuta njia panda aliyoiona mara ya mwisho miaka miwili iliyopita. Huko kuna mikokoteni ya ng'ombe isiyo na taa, bodaboda zilizoungua taa, na ng'ombe waliolala barabarani kwa sababu mchanga una joto. Kuna pia mawe. Dereva wa lori lililoharibika huweka mawe kuzuia magurudumu, na matawi ya miti kutahadharisha wenzake. Akiisha kutengeneza huondoka, na mawe hubaki. Tabia hiyo imekuwa ya kawaida kiasi cha kutoonekana kuwa kosa, ilhali ni kosa linaloua. Aliyeweza kuyabeba mawe kuyaweka anaweza kuyabeba kuyaondoa.

Si watumishi wote wenye magari. Walio wengi hawana. Wengi hushuka katika basi wilayani kisha wakakodi gari dogo au pikipiki kumaliza safari. Hao nao wana sauti, ingawa ni nadra waitumie. Mwalimu anayeweza kutuliza darasa la wanafunzi 80 hunyamaza kimya nyuma ya kijana wa bodaboda anayekimbia kwenye mchanga, kwa kuona haya kuonekana mwoga mbele ya watu wa kwao. Abiria aliyelipa nauli ana haki ya kusema pole pole, na akikataliwa ana haki ya kushuka.

Sehemu ya lawama iko maofisini. Mara nyingi ruhusa ya likizo hutiwa sahihi siku ya mwisho, na nauli ya likizo, ambayo mtumishi wa umma hustahili mara moja kila baada ya miaka miwili, huweza kuchelewa hata akaondoka kwa fedha za kuazima. Aliyeachiwa saa tisa ya alasiri siku ya Ijumaa, huku nyumbani wanamngojea Jumamosi kwa shughuli ya ukoo, atakimbia, amekwisha kukimbizwa. Wakuu wa idara na wakuu wa shule wanaojua mapema orodha ya waendao likizo wangeweza kuwaachia watu wao kwa zamu, ili aendaye mbali apate siku mbili za njia na kulala wilayani, aingie kwenye vumbi asubuhi akiwa na nguvu na jua liko mgongoni. Jambo hilo halihitaji fungu la fedha. Linahitaji kalamu iliyotumika wiki moja mapema.

Na iko safari ya kurudi, ambayo haizungumzwi kabisa. Magari huanza kutoka vijijini mara baada ya Mwaka Mpya, na yale ya waliochelewa huondoka katika siku zile zile shule zinapofunguliwa mwezi Januari. Mvua huwa zimekwisha kuiharibu njia kuliko ilivyokuwa wakati wa kuja, na dereva ana miadi ofisini Jumatatu. Saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, watoto wa darasa la kwanza, ambao kwa wengi wao hiyo ndiyo wiki ya kwanza ya kwenda peke yao, huwa wamo barabarani kwa makundi, sare zikiwa mpya na kubwa kuliko miili yao, wakitembea katikati ya njia kwa sababu pembeni kuna matope.